Mzigo ni wa Nani? Mazungumzo ya Barabara ya Mubambiro

Leo nataka tuongee juu ya kazi moja tu, kazi ambayo kila nyumba ya Kivu inaijua: kubeba.

Ukitoka Goma kuelekea magharibi, ukapita Ndosho, ukapita Mugunga, barabara inaingia kwenye miamba myeusi ya volkeno. Kabla tu ya kufika Sake unakuta Mubambiro. Kwenye ramani ni mahali padogo, katika teritwari ya Masisi. Kwa watu wa Goma ni mlango wa chakula. Vitu vinavyoteremka kutoka Mushaki, Rubaya na Masisi, na vile vinavyotoka upande wa Minova, vinakutana Sake kisha vinapita hapo: maharagwe, viazi, jibini, mbao, ndizi, makala ya kupikia, na ule mchanga mzito mweusi ambao dunia nzima inautafuta. Hakuna hata kimoja kilichotembea chenyewe. Ndiyo maana ukitaka kujua jinsi fikra za watu juu ya kazi na juu ya mashine zilivyogeuka kwa miaka mingi, barabara hii inatosha.

Niseme mapema ninachoamini, ili unisikilize ukijua nasimama wapi. Watu wetu hawakuwahi kuchukia kazi, wala hawakuwahi kuogopa mashine. Walichotazama, kizazi baada ya kizazi, ni nani anabaki na faida mzigo ukishatuliwa.

Karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya lori, karibu bidhaa zote kati ya pwani ya Bahari ya Hindi na maziwa makuu zilipita juu ya vichwa na mabega. Bagamoyo hadi Tabora, Tabora hadi Ujiji, kisha kuvuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kasongo, katika himaya ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na kwao upagazi ulikuwa kazi ya kujivunia. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Walipatana malipo kabla ya kuondoka, wakalipwa kwa vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba, na mkuu wa msafara akiwapunguzia posho waliweza kutua mizigo wote kwa pamoja na kukataa kuendelea. Huo ulikuwa mgomo, miaka mingi kabla chama cha wafanyakazi hakijajulikana huku. Lakini tusifiche upande wa pili. Kwenye njia zile zile walipita watu waliofungwa minyororo, wakibeba pembe za ndovu za bwana, wasiojua watauzwa wapi. Mzigo ulikuwa na uzito ule ule. Mmoja alirudi kwao na mahari, mwenzake hakurudi kabisa.

Msafara wa namna hiyo ulifika kwetu mwaka 1894. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alitoka Pangani mwishoni mwa 1893 na mamia ya wapagazi na askari, akakatiza Rwanda, akaliona Ziwa Kivu, akapanda Nyiragongo, kisha akashika njia ya msitu kuelekea Mto Kongo. Vitabu vinamtaja yeye. Waliobeba hema lake na chakula chake kwenye mbuga na milima yote hiyo, majina yao hayatajwi. Anza kuhesabu hapo.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa tayari imeandikwa kwa jina la Mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885. Habari za mpira na mikono iliyokatwa mnazijua, sitazirudia. Mwaka 1908 Ubelgiji ikachukua koloni, na kubeba kukabaki amri. Vita vya 1914 vilipokuja, majeshi ya koloni, Force Publique, yalikusanyika upande huu wa Kivu, yakavuka kuingia koloni la Wajerumani mwaka 1916, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Ubelgiji ilishangilia ushindi. Waliobeba risasi, mizinga na chakula cha askari hao katika vita vile walizidi laki mbili. Walikufa kwa kuhara, kwa vichomi, kwa njaa na baridi ya milimani, na wengi wao hawakuwahi kuona adui.

Baada ya vita lilikuja gari. Gari linatakiwa kumpunguzia mtu mzigo, lakini gari linataka barabara, na barabara za Masisi na Walikale zilichongwa kwenye milima kwa jembe, sururu na kikapu, wanakijiji wakisimamiwa na kapita, msimamizi wa kazi. Nyuma ya kapita kulikuwa na fimbo ya ngozi ya kiboko. Kulikuwa na kodi ya kichwa iliyomlazimisha mtu kutafuta pesa kwenye shamba la mzungu au kwenye mgodi, na tangu 1917 kulikuwa na mazao ya lazima, yaani leta, serikali ya koloni, inakuamuru ulime nini na uuze kwa nani. Sheria iliruhusu kazi ya lazima hadi siku 60 kwa mwaka. Basi mtu alitoka nyumbani akajenga barabara ili lori la mwenye plantesheni lipite haraka na kahawa au pareto ambayo pia aliilima yeye mwenyewe. Gari lilipita. Yeye akabaki pembeni na jembe lake, akisubiri mvua iharibu barabara aitwe tena.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno moja ambalo halijafa hadi leo: mvivu. Maofisa waliandika kwenye ripoti zao kwamba mtu wa huku hapendi kazi, kwamba lazima asukumwe. Walikuwa wakimwandika mtu ambaye baba yake alitembea hadi Tabora na mzigo kichwani. Kinachoniumiza ni kwamba neno hilo tumelirithi. Nalisikia sokoni, nalisikia kanisani, nalisikia kwa wazazi wakiwasema watoto wao: sisi ni wavivu, wazungu ndio wanajua kazi. Mtu anayeamka saa kumi za usiku kwenda kuchukua makala msituni anajiita mvivu kwa sababu hajatajirika.

Sasa nisikilize vizuri juu ya mwaka 1944, kwa sababu ni habari ya hapa hapa kwetu na watoto wetu wengi hawaijui.

Miaka miwili kabla, mwaka 1942, siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120. Sababu ilikuwa mbali sana na Masisi. Japani ilikuwa imeteka mashamba ya mpira ya Malaya na ya visiwa vya jirani, na mataifa yaliyokuwa yakipigana nayo yalihitaji matairi ya malori na ya ndege. Basi watu wa Masisi, Walikale na Lubutu wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa porini. Kazi hiyo baba zao na babu zao waliijua tangu enzi za Leopold, na waliisimulia kwa woga. Mwenye shamba la kulima anaacha shamba, anatembea siku nyingi, anakata mitambaazi, anachemsha utomvu, anarudi na kilo chache, na kilo zisipotimia kuna fimbo.

Mwanzoni mwa 1944 walikataa. Kiongozi wao aliitwa Bushiri, mfuasi wa Kitawala, dini iliyokuwa ikienea kwa siri kutoka kusini na kuwaambia watu kwamba utawala wa mzungu una mwisho. Watu waliacha kazi, maofisa wa leta wakakamatwa na kudhalilishwa, na kwa muda mfupi amri ya koloni ilinyamaza katika sehemu kubwa ya msitu. Kisha askari wakaja. Waliouawa walikuwa wengi, waliofungwa na kuhamishiwa mbali walikuwa wengi zaidi, na Bushiri alikamatwa.

Kuna wanaosimulia habari hiyo kama wazimu wa dini. Mimi naiona ni hesabu. Watu walipiga hesabu ya siku 120 na wakaona kwamba mwaka wao umechukuliwa. Hawakukataa tairi, wala gari. Walikataa kutoa mpira kwa miguu mitupu ili gari la mtu mwingine lipate miguu. Watu hao walikuwa wakulima na wawindaji wenye kazi tele nyumbani kwao. Unawezaje kuwaita wavivu watu waliokubali kufa ili warudi kwenye mashamba yao?

Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1937 na 1955, serikali ya kikoloni ilileta maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuziweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi, kwa sababu ilitaka mikono kwa ajili ya mashamba na migodi. Sitazama katika siasa za jambo hilo leo. Nataka tu ukumbuke kwamba mizizi ya ugomvi mwingi unaotuua hadi sasa iko kwenye ofisi ya kikoloni iliyohesabu watu kama nguvu kazi, ikawahamisha, na haikujiuliza ardhi itagawanywaje kazi ikiisha.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na Patrice Lumumba, katika hotuba yake mbele ya Mfalme Baudouin, alitaja kazi. Watu wanakumbuka alivyotaja matusi na vipigo. Alitaja pia kazi ya kuchosha iliyolipwa ujira usiotosha chakula, nguo wala nyumba. Aliwasemea wabebaji wote, na kwa muda kazi ikawa na maana mpya. Jirani zetu wa Tanganyika walipopata uhuru mwaka uliofuata walitembea na maneno Uhuru na Kazi. Kwetu Zaire, miaka ya 1970, Rais Mobutu alileta salongo, kazi ya umma ya lazima. Wenye umri wangu mnaikumbuka: asubuhi moja ya wiki, jembe na ufagio, nyimbo za chama, nidhamu. Ilianza kama kazi ya kujengea nchi na wapo walioifanya kwa moyo. Lakini haikuwa na malipo, ilikuwa na polisi, na wakubwa hawakushika jembe isipokuwa mpiga picha akiwepo. Wazee waliochonga barabara chini ya kapita waliitambua mara moja.

Kisha tarehe 30 Novemba 1973 ikatangazwa amri ya kuchukua biashara na mashamba ya wageni na kuwapa Wazaire. Wazo lenyewe lina haki ndani yake. Waliopewa, wengi wao, walikuwa marafiki wa wakubwa, na bidhaa za dukani zilipokwisha hazikujazwa tena. Spea za malori zikakosekana, mafuta yakapanda bei, barabara zikafunikwa na matope na majani. Lori la plantesheni likafa kando ya njia. Chakula kilikuwa bado kinaota Masisi, na Goma ilikuwa inakua.

Hapo ndipo ilipokuja chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo.

Wengi husema zilianza kuonekana miaka hiyo ya 1970. Hakuna mhandisi anayejulikana, hakuna hati ya ubunifu, hakuna kiwanda. Nataka tuitazame kwa karibu, maana tumeizoea mpaka hatuioni tena. Fundi anatafuta mkaratusi ulionyooka kwa ajili ya ubao mkubwa wa kati, kisha anatafuta mti uliopinda wenyewe kwa ajili ya shingo, kwa sababu mti uliopinda ukiota hauvunjiki haraka kama ule uliokatwa ukapindishwa. Usukani unakaa juu ukiwa na pembe mbili kama za ng'ombe wa Masisi. Magurudumu mawili madogo yanachongwa kwa panga na tezo kutoka mti mgumu, yanasuguliwa mpaka yawe mviringo, halafu yanavalishwa mkanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa kwa misumari. Katikati ya gurudumu, mwenye uwezo anatia bearingi aliyoitoa kwenye gari bovu, asiye na uwezo anapaka mafuta na kuendelea. Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa kisigino. Mahali pa goti pamepigiliwa kandambili iliyochakaa, ili ngozi ya goti isichubuke. Chukudu ya kawaida inabeba mamia ya kilo. Ile kubwa ya mizigo mizito inazidi nusu tani.

Huo mpira wa kwenye gurudumu unanigusa sana. Mwaka 1944 watu wa hapa walipigwa risasi kwa sababu ya tairi la watu wengine. Miaka 30 baadaye, wana wao waliokota tairi lililochakaa, wakalikata kwa panga, wakalitia kwenye chombo chao wenyewe. Kwa lugha ya vyuoni hiyo ni teknolojia, na haina haja ya kuomba msamaha kwa mtu yeyote.

Mwenye chukudu anajua mambo ambayo dereva wa lori hayajui. Anajua kupakia ili uzito ukae mbele kidogo ya goti. Anajua kwamba mteremko wa Mushaki hadi Sake unataka breki itumike mapema, na kwamba vipande vya kupanda vinataka marafiki wawili nyuma, ambao kesho na yeye atawasukumia. Chombo kikivunjika hakuna spea kutoka ng'ambo ya kusubiri, kuna panga na mti. Na jioni, akishalipwa na mwenye bidhaa na kula, kinachobaki ni chake. Anatia kwenye likelemba, mchango wa zamu, zamu yake ikifika ananunua mabati. Nyumba nyingi za mbao kuanzia Kibumba hadi Sake zimejengwa hivyo, na watoto wengi wamesomeshwa hivyo. Katika barabara hii, baada ya mpagazi wa msafara, baada ya mtu wa kapita, baada ya tandiboi wa lori, hatimaye mwenye jasho akawa ndiye mwenye chombo.

Mwaka 2009 mji wa Goma ulizindua sanamu ya mtu na chukudu yake, imepakwa rangi ya dhahabu, kwenye mzunguko wa barabara. Nilifurahi na bado nafurahi. Lakini mita chache kutoka kwenye sanamu hiyo, mtu wa nyama na damu anayesukuma chukudu anapigiwa honi na kutukanwa kwamba anaziba njia. Kijana akisoma mpaka darasa la sita la sekondari anaona aibu baba yake akipita na chukudu mbele ya shule. Tumeheshimu sanamu kabla ya kumheshimu mwenye kazi.

Sisemi chukudu haina kasoro. Inaumiza magoti, inaumiza kifua, na breki ikikatika kwenye mteremko watu wanakufa. Mtoto hapaswi kuisukuma badala ya kwenda shule. Kama kesho kila baba angepata pikipiki ya magurudumu matatu iliyo mali yake, ningeshangilia. Nasisitiza: iliyo mali yake. Maana vijana wengi wa pikipiki mjini mwetu, hao motari tunaowalaumu kwa kukimbia ovyo, wanaendesha chombo cha bosi, na kila jioni lazima walete kiasi kilichopangwa hata kama mvua imenyesha kutwa. Hapo injini imeongezeka, uhuru umepungua. Tukiwalaumu kwa mbio zao, tuwaulize pia kuhusu hesabu ya jioni.

Na sasa nifike kwa mama. Simama Mubambiro asubuhi yoyote utamwona. Kamba imepita kwenye paji la uso, gunia liko mgongoni, shingo imeinama, mikono imeshika kamba kwenye masikio ili kupunguza uzito. Mara nyingine mtoto yuko mbele kifuani. Anatembea kwenye barabara ile ile anayopita mwanamume na chukudu yenye mzigo mara kumi ya wake. Hali hiyo imedumu miaka 50 na tumeiona kawaida. Ukiuliza, unaambiwa chukudu ni kazi ya wanaume, mwanamke hawezi kupiga goti barabarani. Lakini mwanamke anaweza kubeba kilo 50 kwa shingo yake kutoka kilimani, na hilo halimshangazi mtu. Tulibuni chombo kikubwa kuliko vyote vya mkoa huu, tukakibuni kwa nusu ya watu.

Kule Kamituga, Kivu ya Kusini, kuna akina mama ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitwanga mawe ya dhahabu kwa mchi na kinu cha chuma. Ziliingia mashine za kusaga mawe, mali ya wenye pesa. Kwa siku moja mashine inafanya kazi ya mama wengi. Akina mama wakasimama kupinga, na wapo walioandika kwamba wanapinga maendeleo. Kazi ile ya kutwanga inaua mapafu kwa vumbi, na hao mama wanajua kuliko sisi. Kama mashine ingekuja kwa jina la chama chao, wangeipokea kwa vigelegele. Ilikuja kwa jina la mtu mwingine, na wao wakaachwa na swali la watoto watakula nini usiku huo.

Nenda Walikale. Mwaka 2002 kasiteriti, yaani madini ya bati, iligunduliwa Bisie, ndani ya msitu. Palikua mji wa maelfu ya watu usio na barabara. Gunia la kilo 50 lilitoka huko mgongoni mwa kijana, siku mbili kwa miguu kwenye matope, na njiani wenye silaha wakitoza. Kisha huko Kilambo, kwenye kipande cha lami kilichobaki kizima, ndege ndogo zilikuwa zikitua barabarani, zinapakia, zinaruka kwenda Goma. Fikiria picha hiyo: upande mmoja ndege, upande mwingine mtu anayebeba kama von Götzen alivyobebewa, na vyote viwili ni sehemu ya kazi moja. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji pale pale Bisie kwa mitambo, na barabara ilikuwa imejengwa. Migongo ikapumzika. Lakini mgongo uliopumzika bila mshahara unaumwa kwa namna nyingine, na wengi wa wale vijana walikwenda kutafuta mashimo mengine.

Na Rubaya, milima ile ya Masisi, inatoa koltani, ule mchanga mweusi nilioutaja mwanzoni. Ndani ya koltani kuna tantali, na kwa tantali hutengenezwa vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Kwa hiyo simu unayoisikilizia sasa hivi, kama unatusikia kwa simu, huenda ilianza safari yake kwenye gunia. Wamarekani walipotunga sheria mwaka 2010 kuwataka wenye viwanda waseme madini yao yanatoka wapi, na serikali yetu ikasimamisha uchimbaji wa mikono kuanzia Septemba mwaka huo hadi Machi 2011, lengo lilikuwa kukata pesa za wenye bunduki. Aliyekosa chakula kwanza alikuwa mbebaji. Bunduki zilijua njia nyingine.

Tukitaka kujua kwa nini kazi nyingi hivi hazimtajirishi mtu, tuhesabu bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu zote mbili. Askari anachukua, waasi wanachukua, ofisi fulani inachukua, na risiti haipo. Kila kizuizi kinachukua kidogo: fungu la makala, bakuli la maharagwe, franka 500. Mtu wa 1944 alinyang'anywa siku 120 kwa amri iliyoandikwa. Mtu wa leo ananyang'anywa siku zake kwa vipande, kwenye kamba iliyovutwa barabarani. Mimi naona hiyo ni kazi ya lazima iliyorudi kwa mlango wa nyuma, na naomba tuache kuiita msaada kwa askari.

Mubambiro yenyewe imebeba vita. Februari 2024, mapigano yalipokaribia Sake, makombora yalianguka hata kwenye kambi ya majeshi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pale Mubambiro, na askari wawili wa Afrika Kusini wakauawa. Watu walimiminika kuelekea Goma, na chukudu zilizozoea viazi zikabeba magodoro, masufuria, wagonjwa na bibi wasioweza kutembea. Mwisho wa Aprili mwaka huo Rubaya ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, na Januari 2025 Sake na Goma zikafuata. Benki zikafungwa. Hapo simu ikawa ndiyo benki iliyobaki: mwana aliye Kampala au Nairobi anatuma, mama anapokea kwa wakala. Bila simu, nyumba nyingi zingelala njaa. Na wakala, kwa kuwa noti zilikuwa adimu, akakata kamisheni ambayo hakuna aliyemruhusu. Tena swali ni lile lile, chombo kizuri, na faida inakaa kwa nani.

Nina mambo mawili ya kuomba, na nayaomba kwa watu ninaoweza kuwafikia.

Kwa walimu wa shule zetu za ufundi: wanafunzi wenu wanachora injini ambazo hawajawahi kuzigusa. Wapelekeni siku moja kwa fundi wa chukudu. Wapime gurudumu, wapime breki, waulize kwa nini breki ya mpira inashindwa kwenye mteremko mrefu na ni kitu gani cha bei ndogo kinachoweza kuisaidia. Mpeni fundi huyo kiti mbele ya darasa, mwiteni mwalimu, mlipeni kwa siku hiyo.

Na kwa mafundi wenyewe, wa Kibumba, wa Mugunga, wa Sake, wa Mubambiro. Mama mwenye kamba kwenye paji la uso hahitaji chukudu ya nusu tani. Anahitaji ndogo, nyepesi, ya kusukuma akiwa amesimama, yenye ubao mfupi na mpini wa kushika kwa mikono miwili, inayopita kwenye njia ya kilimani mpaka barabarani, na pembeni mahali pa kumweka mtoto. Mbao mnazo, misumari mnayo, tairi kuukuu zimejaa. Akina mama wa likelemba wanaweza kulipa kwa zamu, kumi wakachanga, wa kwanza akachukua, mwezi ukafuata wa pili. Kama kuna fundi ameshaanza kuichonga, atupigie simu hapa studioni, nasi tutakuja na kipaza sauti kuitazama ikitembea.